Wadogo Asubuhi, Wakubwa Mangaribi

Siku ya kwanza (Jumatatu), 17 Februari 2025

Leo nimefua yunifomu ya Hervé. Shati jeupe, kaptula ya bluu. Nimeianika ndani kwa sababu ya mvua, nimeipiga pasi, nimeikunja. Kisha nimekaa nayo magotini, sijui niiweke wapi.

Gaston, mume wangu, yuko kazini kule usine, kiwanda cha shaba. Tangu tumzike Hervé, mtoto wetu, Januari, hasemi. Anaoga, anakula, analala akiangalia ukuta.

Mtoto wa miaka saba. Mwaka wa pili masomoni. Alikuwa anarudi kutoka masomo ya mangaribi, mvua inanyesha, giza limeshaanza. Akavuka barabara kubwa pale karibu na reli. Dereva wa kamyo alisema hakumwona. Minye ninamwamini. Kitu kidogo vile, kwenye mvua, gizani — nani angekiona?

Suzanne wa nyumba ya pili ameleta makala, makaa yaliyokwisha kuwaka, kwenye kibati, kama kila asubuhi. Yeye ni wa kanisa la maombi, anasali kwa sauti mpaka kartie nzima, mtaa wote, inaamka. Kwangu ananyamaza. Anawasha mbabula, jiko langu la makaa, anaweka maji ya chai, anarudi kwake.

Watu hawajui tena waniite nani. Sokoni mama mmoja ameanza, "Mama Her..." akameza. Suzanne peke yake bado ananiita Mama Hervé. Sauti ileile ya zamani.

Siku ya ine, 20 Februari

Nimekwenda masomoni kuchukua vitu vyake. Mwalimu amenipa mfuko wake na kikombe cha plastiki. Akanishika mkono.

Nilitoka wakati mmoja na wadogo. Tangu masomo ya chini, shule ya msingi, yawe bure, watoto wamekuwa wengi mno na vyumba ni vilevile. Kwa hiyo wamegawanywa. Wakubwa wanasoma asubuhi, kwa sababu ya egzame, mtihani wa mwaka wa sita, kichwa kiwe kipya. Wadogo wanaingia mchana, wanatoka mangaribi. Siku ya mvua, saa hiyo ni usiku.

Nikasimama kando ya barabara. Wametoka na mifuko ya plastiki kichwani. Makamyo yanapita, taa zimewaka, moja nyuma ya nyingine — tanki za asidi, mabamba ya shaba yaliyofungwa minyororo. Kasichana kamoja kakaniambia, "Mama, univushe." Nikamvusha. Nikarudi, nikavusha wengine. Mpaka wakaisha.

Wameisha na minye bado ninaangalia lango.

Usiku nimemwuliza Gaston: kwa nini wadogo ndio watoke gizani? Mtoto wa miaka kumi na mbili anaweza kuona kamyo. Wa miaka sita anaona maji ya kuchezea.

Akasema, bila kugeuka, "Uliza balimu." Maneno mawili. Nimeyapokea kama chakula.

Siku ya Mungu, 23 Februari

Baada ya misa nimemngoja Papa Ruphin, prezida wa komite ya wazazi. Amenisikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi. Anasema neno la mwanamke mmoja wanalifuta kama chaki. Lakini petisyo, yenye majina ya wazazi wengi, ile ofisi ya masomo mjini italazimika kuijibu. "Weye ulisoma, uko na maandiko muzuri. Andika weye mwenyewe."

Nimeandika leo mchana, mezani, kwa Kifaransa cha adabu. Nimeanza mara nyingi na kuchana. Mwishoni nimeona maneno ni machache tu: wadogo waende asubuhi, wakubwa mangaribi. Hayo tu. Mengine ni salamu.

Gaston amesimama nyuma yangu.

"Ile karatasi itamurudisha?"

"Hapana."

"Sasa?"

Nimeendelea kuandika.

Siku ya tatu, 26 Februari

Miguu inauma. Nimepita nyumba kwa nyumba, mtaa wetu wote wa Shituru, upande wa nyumba za kampani na upande wa kule juu kwa wachimbaji.

Wengine wanatia sahihi kabla sijamaliza kueleza. Mzee mmoja amenipa kiti na maji. Lakini mama mwingine amefunga mlango polepole, akisema kwa ndani kwamba mambo ya kifo nisimwingizie nyumbani. Na kijana wa kanisa moja ameniambia ni mpango wa Mungu, nisipigane nao. Nimemwuliza kama ana mtoto. Hana. Nimeendelea na njia.

Suzanne nimemwacha wa mwisho. Niliogopa. Nilijua kwa nini ninaogopa.

Alikuwa anapepeta unga uani. Amefuta mikono, amekaa. "Soma," akasema. Nikamsomea, nikimgeuzia kwa Kiswahili.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Bakubwa njo batatoka mu giza?"

"Njo vile."

"Daniella iko mwaka wa sita."

"Ninajua, Mama Daniella."

"Minye pia ninajua."

Kuku akapita kati yetu. Kisha Suzanne akachukua kalamu na kuandika jina lake taratibu, ulimi umetoka kidogo pembeni, kama mwanafunzi.

"Daniella iko na miguu murefu," akasema. "Hervé alikuwa kadogo."

Nimelia njiani, hatua zote za kutoka kwake mpaka kwangu. Si nyingi.

Siku ya kwanza, 3 Machi

Leo tumepeleka karatasi kwa Direkta Casimir, mwalimu mkuu, minye na Papa Ruphin. Lazima aipitishe yeye kwanza kabla ya kwenda mjini.

Si mtu mbaya. Siku ya maziko alikuja na walimu wote, alilia mbele ya wanafunzi wake bila haya. Amesoma petisyo kwa makini. Amesema ni haki, ataisindikiza na barua yake. Nikashusha pumzi.

Kisha akachukua rula.

"Mama, unisamehe. Hapa panatakiwa bazazi tu. Ba mu ofisi bakikuta jina ya muntu mwenye haina mutoto mu masomo, batasema tulidanganya. Batatupa yote."

Sikuelewa upesi. Jina langu lilikuwa la kwanza, juu kabisa.

"Minye si muzazi?"

"Si wa hapa tena, Mama."

Alisema kwa upole. Angesema kwa ukali ningejua la kufanya. Akaweka rula chini ya herufi, akavuta mstari. Marlène Kyungu. Mstari umenyooka vizuri sana.

Papa Ruphin alikuwa anaangalia dirisha.

Siku ya pili, 4 Machi

Sikupika. Sikufungua dirisha.

Suzanne amegonga, ameacha makala mlangoni.

Siku ya tatu, 19 Machi

Jibu hakuna. Papa Ruphin anasema dosye, faili letu, inatembea, kutoka meza hii kwenda meza ile. Mvua zinapungua.

Leo nimejua jambo. Suzanne ameniambia akidhani ninalijua: Gaston, wiki anazoingia kazini alfajiri, akitoka hapiti moja kwa moja nyumbani. Anakwenda kusimama pale barabarani saa ya wadogo kutoka. Anainua mkono, makamyo yanasimama, watoto wanavuka. Mpaka wa mwisho. Kisha ndipo anakuja nyumbani na kuniambia kazi ilichelewa.

Sikumwambia kwamba ninajua. Nimemwekea samaki mkubwa zaidi. Amekula, ameangalia ukuta.

Siku ya tano, 11 Aprili

Imekubaliwa.

Direkta amewaita wazazi kabla ya kufunga kwa Pasaka. Nilisimama nje, dirishani, kwa sababu mkutano ni wa wazazi. Amesoma barua ya mjini: kuanzia kurudi kwa likizo, mwaka wa kwanza mpaka wa tatu watasoma asubuhi. Wa ine mpaka wa sita, mangaribi.

Kelele ya furaha. Mama wameimba. Wametoka, wamenikuta dirishani, wamenikumbatia, kitambaa changu cha kichwa kimeanguka. Papa Ruphin amesema mbele ya wote kwamba huyu mama ameokoa watoto wetu. Watoto wenu, nimewaza. Nimecheka kama walivyotaka nicheke.

Suzanne hakuwako. Daniella alikuwa nje ukutani na wenzake wa mwaka wa sita, hawakuimba. Amenipungia mkono.

Nilipomwambia Gaston, ameweka kijiko chini. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nimezima redio, nimekaa karibu naye. Ni mara ya kwanza analia tangu Januari. Haikuwa furaha.

Siku ya kwanza, 28 Aprili

Siku ya kwanza ya zamu mpya. Nimeamka mapema kuona.

Jua limetoka, baridi kidogo. Wadogo wamepita kwenye njia, shati zao zinang'aa. Walipotoka saa sita barabara ilikuwa wazi, mwanga mwingi, dereva anawaona kutoka mbali. Hata asiyetaka kuwaona anawaona.

Nimejaribu kufurahi. Nimehesabu sababu zote za kufurahi. Nimerudi nyumbani nimelala na viatu.

Jioni nimekwenda kumngoja Daniella barabarani. Amekuja na wasichana wenzake, wanatembea haraka, mikono kwapani kwa baridi. Akaniona.

"Mama Hervé, usikuye kila siku. Minye niko mukubwa."

"Ninatembea tu."

"Iyo," akakubali, hakuniamini. Amenishika mkono hadi nyumbani. Ananipita urefu sasa. Yeye ndiye aliyenivusha.

Siku ya ine, 15 Mei

Wiki hii sijamwona Daniella akitoka. Jana sikumwona, juzi sikumwona. Nilidhani ninachelewa.

Leo nimemkuta kwenye kizingiti cha nyumba yao, jua bado liko juu, saa ambayo alipaswa kuwa darasani. Amelala amekaa, kichwa mlangoni, mdomo wazi. Yunifomu amevaa. Mikono imepasuka, matope ya kijani yamekauka kwenye kucha.

Ninayajua matope hayo ya mawe ya shaba. Kila mtu wa mji wetu wa Likasi anayajua.

Suzanne ametoka, ametuona, amekaa chini kando ya mtoto. Amesema bila minye kuuliza. Mume wake, Éphraïm, mwezi wa tatu jiwe lilimwangukia mgongoni kule chini ya shimo. Hakuvunjika, lakini hawezi tena kuinama sana wala kubeba. Anachimba kidogo, mawe mengine anaokota. Kusafisha mawe mtoni hakuwezi kabisa.

Zamani Daniella alikuwa masomoni asubuhi, na mchana maji ni ya watu wakubwa, wasafishaji wenyewe, hawapendi mtoto pale. Lakini sasa asubuhi ya Daniella iko wazi. Alisema baba yake: masaa mawili matatu tu, kisha ataoga aende. Ikawa hivyo siku za kwanza. Kisha mawe yakawa mengi. Kisha akawa anachoka, analala darasani, mwalimu anamtoa nje. Sasa anavaa yunifomu, analala hapo mlangoni.

"Na egzame?" nimeuliza.

Suzanne ametikisa kichwa. Si hapana, si ndiyo.

Siku ya pili, 20 Mei

Nimekwenda mtoni. Nyuma ya reli, kupita makaburi, kushuka. Hewa ya mwezi huu inauma pua. Maji yanatoa moshi wa baridi asubuhi.

Niliwaza nitamkuta Daniella na watoto wawili watatu. Nimekuta mstari. Wamesimama majini mpaka magotini, wanatikisa mawe kwenye masefa ya kuchekechea. Mwaka wa tano. Mwaka wa sita. Ninawajua, nimepita nyumba zao na karatasi yangu. Mama zao wengine waliniimbia pale dirishani.

Daniella ameniona, akapanda ukingoni. Midomo myeupe. Nimemfunga kitenge changu mabegani.

"Mama alikutuma?"

"Hapana."

Amekaa, amepuliza mikono yake. Kisha:

"Batoto badogo, banafika muzuri sasa?"

"Iyo. Banafika muzuri."

"Hakuna mwenye aligongwa?"

"Hakuna."

"Basi," akasema. Kama mtu aliyeuliza bei na kuikubali.

Akanirudishia kitenge kikiwa kimelowa pembeni. Akashuka tena majini. Minye nilibaki juu pale na kitenge changu. Nilikuja na maneno mengi.

Siku ya ine, 22 Mei

Nimemwona Direkta Casimir. Anajua. Ameona viti vilivyo wazi mangaribi, wakubwa wanapotea mmoja mmoja. Ameandika mjini, wanamjibu kwamba mpangilio huu uliombwa na wazazi wenyewe.

"Basi bote basome asubui," nimesema.

"Mu chumba gani, Mama? Nipatie vyumba, kesho narudisha bote asubui."

Akanifungulia mlango wa darasa anionyeshe. Wadogo wamekaa wanne kwenye benchi la wawili, wengine chini kwenye saruji. Wamesimama wote kunisalimia. Bonjour, Madame! Sauti ya wadogo wote pamoja. Nimeshika fremu ya mlango.

Kutoka hapo nimepita kwa Papa Ruphin. Nimemwambia tuandike nyingine. Hakunikaribisha kukaa. Anasema wazazi wa wadogo wana amani sasa, hao ndio wengi. Tukigusa tena, mjini watachoka na sisi, watarudisha kama zamani, na mvua za Oktoba zitawakuta wadogo barabarani. "Ni ile weye unataka?"

Si ile ninayotaka. Anajua vizuri kwamba si ile. Ndiyo maana ameuliza.

Siku ya posho, 24 Mei

Nilikwenda kugombana na Éphraïm. Niseme ukweli — nilikwenda na hasira iliyopikwa siku nne.

Nimemkuta amelala kifudifudi kwenye mkeka uani, Suzanne anamkanda mgongo kwa maji ya moto. Ngozi imevimba pale jiwe lilipopiga. Alipojaribu kuinuka anipe heshima, jasho likamtoka. Nimemwambia abaki.

Nimesema yote. Egzame ni mwezi ujao. Mtoto ana akili, mwalimu amesema. Asipofanya mwaka huu hatarudi tena, tunawajua wanaobaki mtoni, hawarudi. Nimesema yule ni mtoto, si punda.

Alisikiliza, shavu kwenye mkeka.

"Mama Hervé, unafikiri minye nilimutaka kule? Minye niliingia mu mashimo niko na miaka yake. Nilisema mutoto yangu hataona ile maji. Sasa mugongo njo hii. Asubui masomo haina. Bukari ya kula itatoka wapi?"

Kisha akasema jambo lingine, polepole, bila ubaya:

"Zamani alikuwa mu masomo asubui. Hata ningetaka kumupeleka mu maji, ningemukuta wapi?"

Mikono ya Suzanne ikasimama kwenye mgongo wa mume wake. Hakuniangalia. Akachovya tena kitambaa, akakamua.

Siku ya Mungu, 25 Mei

Sikwenda misa.

Baada ya mchana, Gaston alikuwa anatengeneza kiatu chake mezani, Suzanne amegonga. Yuko na Daniella. Daniella amebeba mfuko wake wa masomo na mfuko wa plastiki wenye nguo. Nywele zimesukwa upya, mistari bado imevutwa.

Suzanne hakukaa. Aliongea akisimama, kama mtu anayesoma.

"Sikulala, niliomba, nilifikiri. Akiwa kwangu, baba yake atamuamusha asubui. Si kwa ubaya. Atamuamusha tu, sababu iko pale. Akiwa kwako, hataweza kupita mu nyumba ya bantu kumuamusha mutoto. Iko na haya. Mama Hervé, umulaze kwako. Mpaka egzame. Kama Mungu anataka, kupita egzame."

"Éphraïm anajua?"

"Akiamuka atajua."

"Na mawe?"

"Nitaingia minye mu maji." Akafunga kitenge chake upya kiunoni, kwa nguvu. Unga anaouza sokoni, nikawaza. Kifua chake kinachokohoa kila baridi. Alikuwa ameshawaza yote.

Nikamwangalia Gaston. Alikuwa ameshika sindano juu ya kiatu, haishuki. Nyumba yetu ina vyumba viwili. Chumba chetu, na kile ambacho tangu Januari hakuna aliyelala ndani. Kitanda Gaston alikitengeneza mwenyewe, kifupi, kwa kipimo cha mtoto wa miaka saba. Kila Jumamosi — siku ya posho — ninafagia mle na kufunga. Yeye hajaingia hata mara moja.

Suzanne akamshika Daniella kichwani, akasema neno la sala ambalo sikulisikia, akatoka. Hakugeuka. Nilisikia viatu vyake vya plastiki mpaka mlangoni kwake, kisha nikasikia sauti ya Éphraïm, anauliza mtoto yuko wapi.

Nimempa Daniella kiti. Amekaa ukingoni, mifuko yote miwili mapajani.

"Papa Hervé," akasema, "minye naweza kulala mu jikoni, hakuna shida."

Gaston ameweka kiatu chini. Ameinuka, amechukua nyundo yake chini ya dirisha, ameingia chumbani kwa Hervé na kufunga mlango.

Sasa ninaandika hapa mezani. Huko ndani anavuta kitanda. Anagonga misumari. Sijui kama anakirefusha au anakivunja. Daniella ananiangalia, anataka nimwambie. Bado hajaweka mifuko yake chini.